Klipu ya simu ya sekunde 40 imeishinda video yangu ya dakika 80. Kosa ni uchaguzi wa shoti au ni nini?

#1 Fundi_Bombo
Salaam wakuu. Nahitaji msaada wa kweli, si wa kunipa moyo.

Wiki tatu zilizopita nilipiga video ya kwanjula moja (sherehe ya Kiganda ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi) upande wa Mpigi, hapa Uganda. Kamera mbili, stendi mbili, mimi na kijana wangu, tangu saa nne asubuhi hadi giza likatukuta tunakunja nyaya. Shoti zote nilizofundishwa zimo: waidi (shoti pana) ya mahema yote mawili, midiamu (mtu toka kiunoni) ya kila mwogezi, yaani msemaji wa kila upande, klosapu (shoti za karibu kabisa) za pete, vikapu, keki. Nikakesha siku nne naediti, nikapeleka video ya dakika 80. Wakashukuru, wakanilipa.

Kisha mpwa wa bibi harusi, kijana wa S.2 (sekondari mwaka wa pili), akaweka kwenye kundi la WhatsApp la familia klipu ya sekunde 40 aliyoipiga kwa simu akiwa amechuchumaa ubavuni mwa kiti cha jjajja, bibi yao. Hiyo ndiyo inayotumwa huku na huku. Ndugu zao walioko London wameililia. Kuhusu yangu, shangazi mmoja aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, ni nzuri, ila usingizi ulinichukua."

Klipu yenyewe iko hivi. Mwogezi wa upande wa bibi harusi anatania wageni, sauti yake inasikika, yeye haonekani. Kinachoonekana ni mikono ya jjajja mapajani, inakunja ncha ya mshipi wa gomesi (gauni la heshima la Kiganda), inaikunjua, inaikunja tena. Mara moja kamera inapanda hadi usoni, inatikisika, inarudi mikononi. Basi.

Nilikosea wapi?

#2 Kamera_ya_Kasese
Pole ssebo. Swali moja kabla sijasema lolote. Umetaja klosapu za pete, vikapu na keki. Za watu ni ngapi?

#3 Fundi_Bombo
Dada Kasese, nimefungua mradi nikahesabu sasa hivi. Klosapu zote ni 61. Vitu 52, nyuso 9. Katika hizo nyuso 9, saba ni za bibi harusi.

#4 Kamera_ya_Kasese
Basi umejijibu. Mtu anatazama kwanjula ya nduguye ili awaone watu wakipatwa na jambo. Waidi inamwambia yuko wapi. Midiamu inamwonyesha nani anafanya nini. Klosapu ndiyo inayomwambia jambo lile limemwingiaje mtu. Wewe hiyo ya tatu umewapa makapu.

Na usidhani mwenye habari ni yule anayesema. Mwogezi akitania, kila mtu anajua atasema nini, maneno yale yanafanana toka Masaka hadi Mukono. Habari iko kwa anayesikiliza: baba wa binti, ssenga (shangazi wa binti), kijana aliyefichwa katikati ya wageni akisubiri ssenga aje amtambue. Kijana wa S.2 alimrekodi msikilizaji.

#5 Mzee_wa_Stendi
Msiharakishe kufunga kesi. Kwanjula ndiyo shughuli ngumu kuliko zote kwa mpiga video kwa sababu ya jinsi watu wanavyokaa. Mahema mawili yanaelekeana, katikati kuna uwanja mtupu na waogezi wanarushiana maneno juu yake. Ukivuta kamba toka mdomo wa mwogezi huyu hadi mdomo wa mwogezi yule, umepata mstari. Kamera zako zote zinatakiwa ziwe upande mmoja wa kamba hiyo. Ukiruka upande wa pili, kwenye video waogezi wote wawili watatazama upande mmoja, kama wanaomwambia mtu wa tatu asiyekuwepo.

Fundi, nieleze kamera zako zilikaa wapi. Usinifiche.

#6 Fundi_Bombo
Mzee, kamera A ilikuwa kaskazini ya uwanja. Kijana alianza nami upande huohuo, lakini kufika saa nane jua lilikuwa linampiga kwenye lenzi, akahamia upande wa mwembe. Kusini.

#7 Mzee_wa_Stendi
Umeona. Toka kaskazini mwogezi wa bwana harusi anatazama kushoto. Toka kusini mwogezi wa bibi harusi naye anatazama kushoto. Umewakatia hao wawili zamu kwa zamu kwa muda gani? Nusu saa? Shangazi hakusinzia kwa uvivu. Kichwa chake kilichoka kutafuta nani anasema na nani. Mtazamaji haijui sheria ya nyuzi 180, yaani ya mstari huo, lakini uchovu wake anaujua.

#8 DJ_Kisenyi
Mzee shikamoo, ila hapo sikubali. Vijana wanaorekodi siku hizi wanavuka huo mstari mara kumi kwa dakika na watu hawaachi kutazama. Na klipu ya mpwa haina mstari wowote, ina mikono tu. Ikiwa mstari ndio siri, klipu ile isingemliza mtu.

#9 Mzee_wa_Stendi
Marahaba. Klipu ile haina mazungumzo ya watu wawili kwenye picha, kwa hiyo haina mstari wa kuvunja. Soma tena #5, nilisema waogezi.

Na kuvuka si haramu. Unavuka kwa kumfanya mtazamaji aone unavuka: kamera itembee bila kukatwa, au uweke katikati shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, mtu anaelekea lenzi moja kwa moja. Kijana akihamia mwembeni, unaweka waidi mpya toka kule ili mtu ajipange upya. Haikuwekwa.

#10 Jinja_Mtoni
Mimi naona mnahangaika na picha wakati jibu limeandikwa kwenye #1: "sauti yake inasikika, yeye haonekani."

Nimekulia kwenye vibanda vya video hapa Jinja. Filamu ya Kichina, hatujui neno moja, na VJ amekaa na maikrofoni anatueleza kwa Luganda nani ni mwizi na nani kamchukulia mwenzake mke. Waidi ambayo ukiitazama peke yako ni watu wadogo wanakimbia, VJ akisema "huyo wa kushoto ana kisu," kibanda kizima kinainuka. Sauti ndiyo iliyochagua wapi macho yaende, na kwa mpwa ni vivyo hivyo. Sauti inatania, mikono ina huzuni, na hayo mawili hayafanani. Weka sauti ya huzuni juu ya mikono hiyohiyo uone kama mtu atalia.

Wale watengeneza filamu wa Wakaliga, Kampala, nao walianza 2010 na vifaa vya kuokoteza, na sauti ya VJ ndiyo iliyowabeba.

#11 Nakawa_Ediiti
Rekebisho dogo Jinja. 2010 ni mwaka wa filamu iliyowapa jina duniani. Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions, studio yao, 2005. Na ya VJ wao, Emmie, kusikika ndani ya filamu ni kweli, lakini ukiwatazama vizuri wanakata shoti fupifupi na wanajua kabisa wapi pa kuweka uso. Usiwapunguzie kazi yao ikawa sauti tu.

#12 Jinja_Mtoni
Nimekubali mwaka, asante. Hoja ya sauti bado siiachi.

#13 Mwalimu_Shoti
Fundi, kuna jaribio la zamani linalohusu jambo lako. Eisenstein wa Urusi alichukua uso mmoja wa mwigizaji ambao haukuonyesha kitu, akaubandika baada ya bakuli la supu, baada ya jeneza, baada ya mwanamke. Watazamaji wakasema ana njaa, ana majonzi, ana tamaa. Uso ni uleule. Kwa hiyo shoti peke yake haina maana, maana inatoka kwa jirani yake. Klosapu 52 za vitu si kosa ikiwa kila kitu kimefuatwa na uso wa mtu anayekitazama. Pete, kisha mama wa binti. Kikapu, kisha baba.

#14 Nakawa_Ediiti
Aliyefanya jaribio hilo ni Lev Kuleshov, na mwigizaji ni Ivan Mozzhukhin. Eisenstein alipita darasani kwake kwa muda. Hoja yako lakini inasimama.

#15 Mwalimu_Shoti
Sahihi, ni Kuleshov. Nashukuru.

#16 Kamera_ya_Kasese
@Mwalimu hapo ndipo ninapopata shida na nadharia hiyo. Klipu ya mpwa haina jirani. Ni shoti moja toka mwanzo hadi mwisho.

#17 Mwalimu_Shoti
Jirani wa mikono ni ule uso wa kitambo. Umepanda, umeonekana, umerudi. Ameediti ndani ya kamera bila kujua.

#18 Hajati_Lenzi
Nimesoma yote na hakuna aliyetaja urefu wa stendi. Nimepiga kwanjula kwa miaka mingi, nami ni mwanamke, labda ndiyo maana naliona.

Mabinti wanapotoka kuwasalimia wageni wanapiga magoti kwenye mikeka. Wapiga video wengi wameacha stendi kwenye macho ya mwanamume aliyesimama, karibu sm 160. Matokeo yake: vitambaa vya kichwa, nywele, na mabega yaliyotazamwa kutoka juu. Heshima waliyoitoa kwa wageni, kwenye video imegeuka udogo. Shusha stendi hadi sm 70, ukae chini nao. Sasa unaona nyuso, unaona yule wa mwisho anayebana kicheko, na wageni wako nyuma yao kwa ukungu. Ni midiamu ileile, saizi ileile ya fremu, na ni kitu kingine kabisa.

Kijana wa S.2 alikuwa amechuchumaa. Macho ya simu yake yalikuwa sawa na mapaja ya bibi aliyekaa. Fundi, kamera zako zilimtazama jjajja kutoka wapi?

#19 Fundi_Bombo
Hajati, jjajja yuko kwenye video yangu mara tatu, zote toka mbali, kwa kuvuta zumu. Stendi ilikuwa juu ili nisizibwe na wageni. Sijawahi kufikiria magoti hayo kwa jinsi hiyo. Nimenyamaza kidogo baada ya kusoma.

#20 DJ_Kisenyi
Hajati ameongea. Ila ukimshusha kila mtu, mwogezi naye atatokea mrefu kama mnara.

#21 Hajati_Lenzi
Kwa hiyo unapandisha anaposimama mwogezi. Stendi ina miguu inayokunjwa mwanangu, ikunje.

#22 Nakawa_Ediiti
Hilo la kuvuta zumu toka mbali nalitetea. Watu wanadhani kusogea na kuvuta ni sawa kwa sababu uso unajaa fremu kwa njia zote mbili. Si sawa, na kinachobadilisha sura ni umbali, lenzi inasingiziwa tu. Chukua simu ukae sm 30 toka pua ya mtu. Sikio lake liko kama sm 42. Sikio liko mbali zaidi ya pua kwa asilimia 40, kwa hiyo pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi hadi mita 1.5, tofauti inabaki asilimia 8 na uso unatulia. Ndiyo maana klosapu za nyuso kwa simu, ukiwa umemsogelea mtu, zinawatisha wenyewe wakijiona. Rudi nyuma utumie lenzi ya simu ya kuvuta karibu kama unayo.

#23 Kamera_ya_Kasese
Ni kweli kwa uso. Lakini kuvuta toka mita 20 kunalaza kila kitu: jjajja, kiti, mtu wa nyuma yake, wote wamebandikwa kwenye ukuta mmoja. Mtazamaji anahisi anachungulia. Mpwa alikuwa pale, na ukiitazama klipu yake unajikuta umekaa naye. Mikono haina pua ya kuvimba.

#24 Nakawa_Ediiti
Mikono nimekupa. Uso hapana.

#25 Mbale_Bizi
Niingize la pembeni. Fundi, nyuso za wanaume kwenye waidi zako hazikuwa nyeusi tii? Kanzu nyeupe, hema jeupe, kamera kwenye oto, inajipimia mwanga yenyewe. Kamera inataka wastani wa picha uwe kijivu, ikiona weupe mwingi inafunga mwanga, na ngozi zetu ndizo zinazolipa. Mimi napima mwanga kwenye shavu la mtu, nafunga hapo, kanzu iungue kidogo, ipotee kwa weupe, kama lazima.

#26 Fundi_Bombo
Mbale, umeniona toka huko. Ndiyo. Waidi nyingi nilizipandisha mwanga wakati wa kuediti, zikajaa chengachenga.

#27 Mbale_Bizi
Basi hata hao watu 200 kwenye waidi hawakuonekana. Umewapa watazamaji dakika nzima za kanzu bila wenyewe. Hicho nacho kinachosha.

Na jioni, taa za LED kwenye hema zilikuwa zinapepesa? Umeme wetu ni hezi 50. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50. Ukiacha 30 na 1/60 kama kamera ilivyotoka dukani, michirizi itakufuata hadi kwenye keki.

#28 Fundi_Bombo
Keki ina michirizi.

#29 Malaba_Stesheni
Habari za hapa. Mnaitaje ile shoti inayomkata mtu juu ya magoti? Nasikia inaitwa ya Kimarekani kwa sababu Hollywood ndiyo iliyoivumbua.

#30 Mwalimu_Shoti
Jina walilitoa wakosoaji wa Ufaransa, kwa kuona filamu za Marekani zinavyompanga mtu hivyo. Za makauboi zinaitumia sana kwa sababu bastola iko kiunoni na lazima ionekane pamoja na uso.

Kwenye kwanjula naipenda kuliko midiamu ya kiunoni. Mwogezi mzuri anaongea na mkono wake mmoja umeshika kanzu. Ukimkata kifuani umempoteza nusu.

#31 Malaba_Stesheni
Shukrani. Hapo kwa mkono ulioshika kanzu nimemwona mjomba wangu kabisa.

#32 DJ_Kisenyi
Turudi kwa Fundi. Video yako imetazamwa kwa kifaa gani?

#33 Fundi_Bombo
Niliwapa kwenye fleshi. Ila nimeuliza: wengi wameitazama kwenye simu, mtu alikata vipande akavituma.

#34 DJ_Kisenyi
Basi nina jibu langu. Umepiga kwa mlalo ukifikiria runinga ya sebuleni. Wao wameshika simu wima. Video ya mlalo kwenye simu iliyosimama inashika chini ya thuluthi moja ya skrini. Waidi yako ya mahema mawili hapo, kila kichwa ni punje ya mtama. Klipu ya mpwa ni ya wima, imejaa skrini nzima, na mikono ya jjajja ni mikubwa kama mikono ya anayetazama. Watu wameshika mikono ya bibi yao viganjani. Shoti haichaguliwi na shule, inachaguliwa na skrini.

#35 Mzee_wa_Stendi
Hilo la viganjani limenigusa, sitabisha. Lakini kwanjula ni watu 200 waliokaa kuelekeana. Ukipiga wima umepata hema moja. Miaka 20 ijayo watoto wa ndoa hiyo watataka kuona nani alikuja, nani alikaa karibu na nani. Mikono haitawaambia.

#36 Kamera_ya_Kasese
Mzee hapo niko nawe. Waidi ni ya miaka 20 ijayo, klosapu ni ya leo usiku. Fundi alitakiwa kuwa na zote mbili.

#37 Fundi_Bombo
Wakuu, nimefanya jaribio, naleta matokeo. Nimechukua sehemu ya waogezi, dakika 31. Nimetoa shoti zote za upande wa mwembe isipokuwa waidi moja. Nimepunguza hadi dakika 9. Kila utani nimeukatia kwa msikilizaji, nimebahatika kupata nyuso 14 kwenye vipande nilivyokuwa nimevitupa, mmoja ni baba wa binti anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Nimempelekea yule shangazi bila kumwambia kitu.

Amejibu: "Hii nimeitazama mara mbili." Kisha akaongeza: "Lakini wapi mwogezi wetu? Mbona humwonyeshi akisema?"

#38 Mzee_wa_Stendi
Mstari umefanya kazi.

#39 Kamera_ya_Kasese
Nyuso zimefanya kazi, Mzee.

#40 Jinja_Mtoni
Dakika 31 zimekuwa 9. Msiusahau mkasi.

#41 Hajati_Lenzi
Na swali la shangazi hamjalijibu. Mwogezi ni mtu wao, ameheshimiwa kwa kupewa kazi ile. Kumficha wakati anasema maneno yake bora ni kumnyang'anya. Mrudishe mwanzo na mwisho wa kila utani, katikati nenda kwa wasikilizaji.

#42 Nakawa_Ediiti
Mwisho ndio hasa, Hajati. Mwogezi mzuri akimaliza hukaa kimya kidogo akingoja kicheko. Kimya kile ni cha uso wake.

#43 mpwa_S2
Habari zenu. Fundi amenitumia linki hii. Mimi ndiye niliyepiga ile klipu.

Sikuchagua shoti. Nilikuwa nimesimama mbele, kijana wa kamera akaniambia nisogee nawaziba, nikaenda kwa jjajja. Nilitaka kumpiga video usoni. Nilipopandisha simu akaniona, akainamisha kichwa, nikaona machozi. Nikashusha simu. Sikuizima kwa sababu niliogopa ingetoa mlio. Mikono ndiyo iliyokuwa pale.

#44 Mwalimu_Shoti
Asante sana mdogo wangu. Kwa hiyo kule kurudi mikononi kulikuwa ni adabu.

#45 DJ_Kisenyi
Na hakusimamisha. Hizo ni kama sekunde 25 baada ya kushusha. Fundi mwenye uzoefu angekata pale.

#46 Mzee_wa_Stendi
Angekata, ndiyo. Mimi ningekata.

#47 Kamera_ya_Kasese
Mdogo wangu, jjajja anajua kwamba klipu imefika London?

#48 mpwa_S2
Hana simu ya kuonea. Mama anasema tumwonyeshe Jumapili akija.

#49 Hajati_Lenzi
Mwonyesheni kwanza yeye peke yake, si mbele ya watu. Akisema itolewe, itolewe.

#50 Fundi_Bombo
Jumapili nitakuwa Masaka, nina kwanjula nyingine Jumamosi. Nimeshanunua stendi fupi. Kijana nimemwambia akae upande wangu wa uwanja hata jua likimchoma, nitamtafutia mwavuli. Mpwa, niandikie jjajja atakachosema.